Bi Mary Leakey na dawa iliyopakwa nyayo za Laetoli

Msafiri anayetoka Arusha kwenda Ngorongoro hupita Makuyuni na Mto wa Mbu, akapanda ukingo wa Bonde la Ufa, akafika Karatu, mji wa mwisho wenye maduka na vituo vya mafuta kabla ya lango la hifadhi. Kutoka hapo barabara hupanda msituni mpaka ukingo wa kreta, kiasi cha mita 2,300 juu ya bahari, kisha hushuka upande wa pili kwenye nchi kavu ya vumbi na migunga. Huko ndiko liliko korongo la Olduvai, ambalo Wamaasai huliita Oldupai, jina la mkonge wa porini unaoota humo. Kiasi cha kilomita 45 kusini yake ipo Laetoli. Katika sehemu mbili hizo Mwingereza mmoja, Bi Mary Leakey, aliitumia sehemu kubwa ya umri wake.

Jina la mumewe, Dk. Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete nchini Kenya mwaka 1903, ndilo lililotangulia kujulikana duniani. Hata hivyo mambo mawili makubwa yaliyotoka katika nchi ile, fuvu la mwaka 1959 na nyayo za mwaka 1978, yote yamepitia mikononi mwa mkewe. Na katika kazi zote mbili kuna kitu ambacho wasimulizi hukipita haraka: dawa za majimaji zenye harufu kali, zinazopakwa na kukauka zenyewe bila moto wala jua kali. Sisi wa visiwani tunazo majumbani mwetu kwa majina mengine. Ni ndugu wa thina ya rangi, spiriti na asetoni ya kutolea rangi ya kucha.

Kabla ya kuendelea, neno moja kwa wasomaji wetu. Kuhusu asili ya mwanadamu sisi Waislamu tunayo imani yetu, kwamba baba yetu ni Nabii Adam (a.s.), na makala hii haikuandikwa kwa ajili ya mjadala huo. Watafiti wameyakadiria majivu ya Laetoli kuwa na umri wa miaka milioni 3.6 hivi, na wana maelezo yao juu ya waliopita hapo. Ni nani hasa waliopita, Allah ndiye Mjuzi zaidi. Lakini nyayo zipo, zimeonekana kwa macho, na namna zilivyotunzwa ni elimu inayomfaa kila mtu, awe seremala wa Darajani au mama mwenye nyumba ya kale Mji Mkongwe.

Mary Douglas Nicol alizaliwa London tarehe 6 Februari 1913. Baba yake, Erskine Nicol, alikuwa mchoraji wa picha za mandhari, na familia ilihamahama kufuata kazi hiyo, ikikaa sana Ufaransa katika sehemu zenye mapango ya michoro ya watu wa kale. Mtoto akazoea kuokota mawe yaliyochongwa na kuyapanga kwa maumbo yake. Baba akafariki mwaka 1926, binti akiwa na miaka 13. Mama akamrudisha Uingereza na kumtia katika skuli za watawa wa Kikatoliki, na huko hakudumu. Moja ilimfukuza kwa kukataa kusoma mashairi mbele ya wenzake. Nyingine ilimfukuza baada ya kusababisha mlipuko kwa makusudi katika chumba cha kemia. Hatusimulii haya ili watoto wetu wamuige. Tunasimulia kwa sababu mtu huyo huyo, miaka mingi baadaye, ilimlazimu kuishi na chupa za kemikali zinazowaka upesi, na akazitumia kwa utulivu.

Hakuwa na cheti cha maana cha skuli. Alichokuwa nacho ni mkono wa baba yake. Alichora zana za mawe kwa usahihi mpaka wataalamu wakaanza kumtafuta, na kwa njia hiyo mwaka 1933 akajuana na Louis Leakey, aliyehitaji mchoraji wa kitabu chake. Louis alikuwa na mke, Frida. Ndoa ile ikavunjika, na mwishoni mwa mwaka 1936 Louis akamwoa Mary. Jambo hilo liliwaudhi wengi katika vyuo vya Uingereza, na si ajabu. Wakaja kuishi Afrika Mashariki, wakajaaliwa watoto watatu wa kiume: Jonathan, Richard na Philip.

Mary aliiona Olduvai kwa mara ya kwanza mwaka 1935. Maji yalikuwa tabu kubwa. Safari hiyo walifika pahali pa kunywa maji ya dimbwi wanamogaagaa vifaru, na ladha yake haihitaji kuelezwa. Sehemu za kuchimba walizipa majina yenye neno letu la Kiswahili, korongo, na mpaka leo vitabu vya dunia nzima vinaandika FLK, yaani Frida Leakey Korongo, na MNK, Mary Nicol Korongo. Wachimbaji wao wengi walikuwa Wakamba kutoka Kenya, watu wenye macho makali kuliko maprofesa wengi.

Sasa tuje kwenye dawa. Mfupa uliokaa ardhini muda mrefu hugeuka jiwe, lakini mara nyingi jiwe lenyewe ni dhaifu, limejaa nyufa na matundu madogo. Mvua ikiufukua, jua likaupiga, unapasuka. Ukiushika, unabaki unga mkononi. Kwa hiyo mchimbaji huupaka kwanza maji ya gundi maalumu, ambayo huingia ndani ya matundu, na baada ya muda hubaki humo ikiwa ngumu, ikaushika mfupa usimwagike. Gundi iliyotumika sana miaka ile ilikuwa ya jamii ya akriliki, jamaa ya plastiki inayopatikana katika rangi nyingi za siku hizi. Moja iliitwa Bedacryl.

Gundi hiyo peke yake ni nzito, haiwezi kupenya popote. Lazima iyeyushwe ndani ya kimiminika chepesi, na maji hayafai kwa sababu gundi hii haiyeyuki majini, na zaidi, maji yenyewe huweza kuulainisha mfupa au udongo unaotaka kuuponya. Ndipo vinapokuja viyeyushi kama asetoni, tolueni na zailini. Kazi ya kiyeyushi ni kama ya mpagazi: anaubeba mzigo mpaka ndani, anautua, kisha anaondoka zake. Namna anavyoondoka ndiyo yenye elimu.

Watu wengi hudhani kitu hugeuka mvuke pale tu kinapochemka. Tukiangalia nguo kwenye kamba tunajua si hivyo. Maji yanachemka kwa digrii 100, lakini kanga inakauka kivulini. Chembe za kimiminika hazitulii, zinagongana muda wote, na kasi zao hazilingani. Zile zenye kasi kubwa zikiwa juu kabisa huponyoka na kwenda hewani. Katika maji chembe zimeshikana kwa nguvu, hivyo chache tu ndizo zinazoponyoka. Katika asetoni zimeshikana kwa ulegevu. Inachemka kwa digrii 56 tu, na katika ubaridi wa digrii 20 msukumo wa mvuke wake ni kiasi cha mara 10 ya ule wa maji. Tolueni inachemka kwa digrii 111, hivyo mtu angetarajia ikawie kuliko maji, lakini kwa digrii 20 msukumo wa mvuke wake unayapita maji kidogo. Zailini ni nzito zaidi, inachemka karibu na digrii 140, na ndiyo inayokawia katika watatu hao.

Kipo kitu kingine ambacho watu wa visiwani watakielewa upesi kuliko wa bara. Wakati wa masika nguo zetu hazikauki, kwa sababu hewa imekwishajaa mvuke wa maji na kila chembe inayotoka nguoni inakaribia kulipwa na nyingine inayorudi. Lakini asetoni ukiimwaga mezani siku hiyo hiyo ya masika inakauka kama kawaida. Hewa imejaa maji, haikujaa asetoni. Kila kimiminika kinahesabiwa na mvuke wa jamii yake. Ndiyo maana chupa ikifungwa vizuri haipungui: mvuke unajaa ile nafasi ndogo ya juu mpaka zinazotoka na zinazorudi zinakuwa sawa. Ukifungua kifuniko na upepo ukapita, hesabu imevunjika, na jioni unakuta chupa tupu.

Chembe zenye kasi zikiondoka, zinazobaki ni za polepole, na polepole hapa maana yake ni baridi. Mtungi wa bibi zetu ulifanya kazi kwa kanuni hii. Maji yalipenya udongo, yakakauka nje, na ya ndani yakapoa. Spiriti ikipakwa mkononi kabla ya sindano, ubaridi unaousikia ni huo huo. Na ndio unaowaharibia kazi maseremala wetu. Vanishi yenye kiyeyushi kinachoruka haraka ikipakwa siku ya unyevu, mbao inapoa ghafla, umande usioonekana unatua juu ya vanishi kabla haijashika, na mlango unatoka na weupe kama ukungu. Fundi mzoefu husubiri siku kavu, au hutumia thina inayokawia.

Huko Olduvai shida ni ya upande wa pili. Korongo lipo karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kiangazi ni kikavu, na upepo wa mchana hauna simile. Kiyeyushi chepesi kinaweza kuondoka kabla gundi haijafika ndani. Tena kina tabia mbaya: kinapokaukia juu ya jiwe, kile kilichomo ndani huvutwa kuja juu ili nacho kiondoke, na kinakuja na mzigo wake. Matokeo yake gundi inakusanyika usoni, inafanya ngozi inayong'aa, na ndani mfupa unabaki unga kama ulivyokuwa. Anayetazama anadhani umepona. Kwa hiyo wenye ujuzi hupaka gundi nyepesi sana kwanza, mara nyingi kidogo kidogo, hufunika kazi ili mvuke usikimbie, na hupenda kiyeyushi kinachokawia pale joto linapokuwa kali.

Mvuke wa viyeyushi hivi ni mzito kuliko hewa; wa asetoni mara 2, wa tolueni zaidi ya mara 3. Hauruki juu kama moshi, bali hushuka, ukatambaa sakafuni, ukaufuata moto ulipo. Bi Mary alikuwa mvutaji mashuhuri wa sigaa, picha zake nyingi zinaonyesha hivyo, na sigaa na kiyeyushi ni maadui. Nyumbani kwetu hatari ni jiko la mkaa, mshumaa na chetezo cha udi. Mtu anayepaka rangi chumba huku madirisha yamefungwa ili vumbi lisiingie anajipa sumu ya kichwa na mapafu, na mvuke unamsubiri chini, pale watoto wanapocheza.

Turudi kwa Bi Mary. Tarehe 17 Julai 1959 mumewe alikuwa kambini na homa. Yeye akatoka na mbwa wake kwenda FLK, lile korongo lenye jina la mke wa kwanza, akaona mfupa umechomoza, kisha meno mawili makubwa. Akarudi mbio kumwamsha mgonjwa. Hawakuchimba siku hiyo. Walimsubiri mpiga picha afike ili kila hatua ionekane. Fuvu lilikuwa vipande mamia, na Bi Mary ndiye aliyeyaunganisha. Louis akaliita Zinjanthropus. Zinj ni jina ambalo Waarabu wa kale waliiita pwani yetu, ndilo lililomo ndani ya neno Zanzibar. Ni ajabu kidogo kwamba jina la watu wa bahari lilipewa kitu kilichotoka ndani kabisa ya bara, kwa watu wasioijua bahari. Fuvu lenyewe lipo Dar es Salaam, mali ya Makumbusho ya Taifa.

Fuvu hilo lilileta fedha za utafiti kutoka Marekani, na kambi ya Olduvai ikawa ya kudumu. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 Bi Mary aliishi hapo kwa sehemu kubwa ya mwaka, yeye na wafanyakazi wake na mbwa wake wa madoadoa, wakati Louis akizunguka dunia kuhutubia. Ndoa ilikuwa imepoa. Louis akafariki London tarehe 1 Oktoba 1972. Wengi walidhani kazi itakwisha naye. Ndiyo kwanza ikaanza iliyo kubwa zaidi.

Laetoli aliijua tangu 1935, lakini alirudi kuchimba kwa nguvu katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 wageni wake wawili watafiti walikuwa wakitaniana kwa kurushiana mavi makavu ya tembo. Mmoja, Andrew Hill, alipoinama kukwepa akaona alama chini, kwenye jiwe: nyayo za wanyama, na vishimo vya matone ya mvua. Mwaka 1978 Paul Abell akaona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Ndibo Mbuika, mmoja wa wafanyakazi, akatumwa kuchimba hapo, akapata nyingine. Zilipofunuliwa zote, katika mwaka huo na uliofuata, ulionekana mwendo wa kiasi cha mita 27 wenye nyayo karibu 70, mistari miwili iliyokwenda sambamba, mkubwa na mdogo, kuelekea kaskazini.

Zilipatikanaje? Volkano ilimwaga majivu laini, mvua nyepesi ikayalowesha, viumbe wakapita juu yake kama sisi tunavyopita juu ya saruji mbichi, kisha jua likakausha. Maji yalipoondoka yaliacha chumvi zake za madini zikiyashika majivu pamoja, yakawa magumu. Halafu volkano ikamwaga tena na kufunika. Ukiangalia vizuri, ni kazi ile ile ya mpagazi: kimiminika kilichobeba kitu, kikaondoka hewani, mzigo ukabaki. Laetoli imeandikwa kwa kukauka.

Kuzifunua kulihitaji subira ya ajabu. Udongo uliojaza unyayo na udongo wa unyayo wenyewe hufanana, na ukikosea kidogo unachonga unyayo wako mwenyewe na kusema umeugundua. Wasafishaji wa visukuku wana hila moja: huligusa jiwe kwa tone la kiyeyushi. Likilowa, rangi hujitenga, mpaka unaonekana, na baada ya dakika chache limekauka bila kuvimba wala kulainika kama ambavyo lingefanya kwa maji.

Baadhi ya nyayo zilipakwa Bedacryl ili zistahimili kumiminiwa mpira wa silikoni wa kuchukulia nakala. Nakala zikatoka nzuri, zikapelekwa sehemu mbalimbali za dunia, na wanafunzi wengi wanaoziona nyayo hizi wanaona plasta iliyotokana na siku zile. Kisha mwaka 1979 Bi Mary akaamua jambo ambalo, kwa maoni yetu, ni la busara kuliko yote aliyofanya: akazizika tena. Hapakuwa na banda, wala mlinzi wa kudumu, na njia ya ng'ombe na ya tembo ilipita hapo hapo. Zikafunikwa kwa mchanga wa mtoni na plastiki, na juu yake mawe ya volkano.

Mchanga ule ulikuja na mbegu za migunga. Chini ya mawe kulikuwa na unyevu, wanyama hawakuweza kuifikia miche, ikastawi. Miaka michache ya mwanzo ya 1990 miti ilikuwa imepita urefu wa mtu, na mizizi ilikuwa ikishuka kuelekea nyayo. Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania ikashirikiana na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani, na katika kiangazi cha 1995 na 1996 kaburi likafunguliwa.

Habari ilikuwa njema kuliko ilivyohofiwa. Nyayo nyingi zilikuwa salama. Mizizi iliyopenya ilikatwa na kutolewa kipande kwa kipande, mashimo yake yakajazwa. Lakini pale palipopakwa Bedacryl miaka 17 nyuma, rangi ilikuwa imekoza kuwa nyeusi-nyeusi. Kiyeyushi chake kilikuwa kimeondoka zamani, siku ile ile au wiki ile ya kupakwa. Gundi ilibaki, na ilikuwa ikiendelea kuwepo, ikifanya utando juu ya jiwe.

Suala hili dada zetu wanalijua kwa njia nyingine. Rangi ya kucha inakauka kwa dakika chache, harufu inakwisha, mkono unaonekana safi, lakini kilichobaki ni tabaka linalozuia maji kufika kwenye ukucha, na ndiyo maana wanavyuoni wanasema iondolewe kabla ya kutia udhu. Hina haina tatizo hilo kwa kuwa ni rangi iliyoingia, si ngozi iliyotandwa. Jiwe nalo hupitisha unyevu. Likifungwa usoni, unyevu na chumvi hutafuta njia nyingine, na uso wenye utando huweza kubanduka pamoja na kile ulichokusudia kukilinda. Anayepaka vanishi ya plastiki ukuta wa chokaa wa Mji Mkongwe ataliona hilo baada ya masika mawili matatu.

Wahifadhi wakaiendea gundi ile kwa viyeyushi vingine, yaani mpagazi aliyeuleta mzigo akaitwa tena kuutoa. Unaloweshwa uso, gundi inalainika, inafyonzwa kwa karatasi laini kabla kiyeyushi hakijaruka na kuirudisha ndani. Ni mashindano na upepo. Hapa ndipo sifa ya akriliki inapoonekana, kwamba tofauti na gundi za kuchanganya sehemu mbili zinazoshika milele, hii inaweza kuyeyushwa tena. Kosa la kukoza rangi lipo, lakini aliyechagua dawa inayoweza kurudi nyuma aliwaachia waliokuja baadaye nafasi ya kutengeneza.

Bi Mary mwenyewe alikuwa ameondoka Olduvai miaka zaidi ya 10. Mwaka 1982 jicho lake la kushoto lilipoteza nuru, na muda si mrefu akahamia Langata, Nairobi, akaandika kumbukumbu zake zilizotoka 1984. Mwanamke aliyefukuzwa skuli alikwishapewa shahada za heshima na vyuo kadhaa, Oxford kikiwemo. Agosti 1996 alisafiri tena mpaka Laetoli. Alikuwa na miaka 83. Akazitazama nyayo zikiwa wazi kwa siku zile chache, pamoja na kizazi kipya cha Watanzania waliokuwa wakizishughulikia.

Kisha zikazikwa mara ya pili, safari hii kwa mchanga uliochekechwa mbegu, matabaka ya kitambaa maalumu kinachopitisha hewa na maji badala ya plastiki, udongo na mawe juu. Katika moja ya matabaka hayo kulikuwa na vidonge vya plastiki vilivyotiwa dawa ya kuzuia mizizi. Dawa hiyo haimwagwi. Inatoka kwenye vidonge kwa mvuke, kidogo kidogo, kwa miaka, na ncha ya mzizi ikikutana na mvuke huo ardhini inaacha kukua bila mti kufa. Asetoni ingemaliza kazi hiyo kabla ya adhuhuri. Kwa hiyo walichagua kitu kinachoruka polepole mno. Wazee wa Kimaasai wa maeneo ya jirani nao walishirikishwa, maana mlinzi wa kweli wa mahali kama pale ni anayeishi hapo.

Bi Mary Leakey alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996, miezi michache baada ya ziara ile.

Mwaka 2015 watafiti wa Kitanzania, Profesa Fidelis Masao na Dk. Elgidius Ichumbaki wakiwemo, walipokuwa wakikagua ardhi ya Laetoli kwa ajili ya mpango wa kujenga makumbusho, walikuta nyayo nyingine kiasi cha mita 150 kutoka zile za kwanza, katika tabaka lile lile la majivu. Zile za Bi Mary bado zimefunikwa. Anayepita Karatu kwenda kuziangalia ataoneshwa nakala yake katika makumbusho ya Olduvai, na kilima kidogo cha mawe huko Laetoli.